Sura ya Sita: Waya Chini ya Bampa

Lori lilikuwa limeegeshwa juu kidogo ya mwalo wa Mwigobero, kabini imeinamishwa mbele, injini iko wazi kama kisima kisicho na mfuniko. Ilikuwa Scania kuukuu, mtumba wa kutoka Uswidi, na mwenyewe aliileta kwa fundi kwa sababu ilikuwa inachemsha kila ikipakia mzigo na kupanda kuelekea Tarime. Fundi alianza kwa kuosha matope ya mbele. Hapo ndipo alipokuta kitu asichokijua: kitundu cha umeme kimejificha chini ya bampa, kina kifuniko chake. Tukaufuata waya kwa vidole. Ulipita kando ya chasisi, ukakwepa bomba la moshi, ukaishia ubavuni mwa bloku ya injini, umechomekwa kwenye kipande cha chuma kilichozama ndani ya bloku yenyewe.

"Mzee, hili si la dizeli?" fundi aliniuliza. "Sasa linachajiwa nini?"

Utingo alisema ni ya kuchajia betri. Mwenye lori alikisia kwamba zamani lilibeba samaki wa barafu, kwa hiyo ni ya friji. Mvuvi aliyekuwa akipita na galoni la petroli alisimama, akachungulia, akasema labda ni ya kuchomelea. Mimi nilikuwa nakijua kile kitu, ingawa sikuwahi kukigusa. Nilikuwa nimekiona kwenye simu, mkononi mwa mdogo wangu, maili elfu kadhaa kutoka hapa.

"Ni hita," nikawaambia. "Inapasha moto maji ya injini kabla gari halijawashwa."

Fundi alinitazama kama nimetukana kazi yake. Huyu ni mtu aliyezeeka akipigana na joto la injini. Amesafisha marejeta yaliyoziba kwa kutu, amebadilisha gasketi za silinda hedi zilizoungua, amepeleka hedi zilizopinda zikasawazishwe kwenye mashine. Kwenye kibanda chake kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa thamostati alizozing'oa kwenye magari ya watu. "Sisi tunaufukuza moto," alisema, "wao wanaununua kwa luku?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Mdogo wangu anaishi Edmonton, Kanada. Majira yake ya kwanza ya baridi alinipigia usiku wetu, kwake bado mchana. "Shikamoo, kaka. Gari limekufa." Nikamuuliza limefanyaje. Akasema akiwasha, stata inavuta mara moja, inaguna, inanyamaza. Nikamwambia ni betri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, hapa nje ni thelathini chini ya sifuri."

Mtu aliyekulia Musoma, ambako usiku wa baridi kabisa bado unalala na shuka moja, hana picha ya baridi hiyo. Nilimsikiliza akieleza, nikaanza kuelewa kwamba injini iliyoganda ina matatizo matatu yanayokuja pamoja. La kwanza ni oili. Oili inayotiririka kama mafuta ya kupikia hapa kwetu, kule inakuwa nzito kama uji wa mtama uliolala, na stata inalazimika kuzungusha pistoni ndani ya uji huo. La pili ni betri: nguvu yake inatokana na kemia, na kemia hupungua kasi kwenye baridi, hata betri nzima ikabakiwa na karibu nusu ya nguvu zake pale pale injini inapodai nguvu mara mbili. La tatu ni petroli yenyewe, ambayo haishiki moto ikiwa majimaji. Inataka kugeuka mvuke kwanza, na kwenye chuma kilichoganda inakataa. Inabaki matone, inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha ile oili kidogo iliyokuwa inazilinda.

Ndiyo maana hata injini ya kule ikifanikiwa kuwaka, dakika zake za kwanza ni za kusagana. Marubani wa zamani wa Alaska walilijua hili vizuri: jioni walimwaga oili ya ndege kwenye ndoo, wakalala nayo ndani, asubuhi wakaipasha kwenye jiko na kuirudisha ikiwa ya moto. Wenye magari walitafuta njia iliyo nyepesi kuliko hiyo. Mmoja wao alikuwa Andrew Freeman, mhandisi wa umeme wa Grand Forks, jimbo la North Dakota, Marekani, aliyekuwa meneja wa ushirika wa umeme wa vijijini. Miaka ya 1940 alitengeneza bolti yenye uwazi ndani, akaweka kipasha joto humo, akaifunga badala ya mojawapo ya bolti za silinda hedi. Ya kwanza aliiunda kwa vipande vya bomba la shaba na koili ya pasi kuukuu ya umeme. Hati ya ubunifu aliipata mwaka 1949. Nampenda mtu huyu bila kumjua. Angekaa wiki moja Mwigobero angepata marafiki, maana hapa pia pasi ikifa haitupwi.

Bolti ya Freeman ilipasha chuma. Hita zilizokuja kuenea zaidi hupasha maji, kwa sababu maji yameshachimbiwa njia ndani ya bloku, yanazunguka kila silinda. Pasha maji, yatapeleka habari kila mahali.

Mdogo wangu alinunua gari lililokuwa limetoka majimbo ya joto ya Marekani, halina hita. Mengi yanayouzwa mapya upande ule wa Kanada huwa nayo tangu mwanzo, waya wake umekunjwa nyuma ya grili. Kwa hiyo mwaka wa pili, mwezi wa tisa, kabla theluji haijashuka, alinipigia kwa video, akaiegemeza simu kwenye ndoo, na tukafunga hita pamoja: yeye kwa mikono, mimi kwa macho.

Injini ilikuwa imepoa usiku kucha. Hili halina mjadala popote duniani, maana maji ya rejeta yaliyofungiwa na mfuniko yakiwa ya moto yakifunguliwa yanaruka usoni. Alimwaga kulanti yote kwenye beseni safi. Kisha akaingia chini, akatafuta ubavuni mwa bloku vile vizibo vya duara vya bati nene vinavyofanana na mfuniko wa kopo uliobonyea. Wengi husema vizibo hivyo viliwekwa ili maji yakiganda ndani vifyatuke na kuokoa bloku isipasuke. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu 9 katika mia, na kweli wakati mwingine vizibo hufyatuka, lakini mara nyingi bloku hupasuka vilevile. Asili ya matundu yale ni kiwandani: bloku husubiwa kwa kumimina chuma juu ya umbo la mchanga, na mchanga ule lazima utolewe mahali. Tundu likabaki, likazibwa. Hita inaazima tundu hilo.

Hapo alitaka kupiga kizibo katikati kwa patasi. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Kizibo kinagongwa ukingoni, upande mmoja tu, taratibu, hadi kigeuke kama sahani inayosimama kwa ubavu, ndipo kinavutwa kwa koleo. Kikigongwa katikati kinaweza kutumbukia ndani ya bloku, na hapo umeshajipa kazi ya siku mbili. Kilitoka. Maji machache yakafuata. Alisugua kingo za tundu kwa msasa laini hadi zikang'aa, akapaka kulanti kidogo kwenye ringi ya mpira ya hita, akaiingiza, akaizungusha ili ule ulimi wake wa koili usiguse ukuta wa silinda, akakaza skrubu. Waya akaupitisha mbali na bomba la moshi na mbali na feni, akaufunga kwa vibano kila baada ya shubiri mbili, plagi ikatokeza mbele.

Kulanti akairudisha, nusu maji yaliyochujwa chumvi, nusu glaikoli. Mchanganyiko huo hauanzi kuganda hadi kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri. Akawasha injini, hita ya ndani ya gari ikiwa imefunguliwa mwisho, akasubiri mapovu yaishe kwenye mdomo wa rejeta, akaongeza maji, akachungulia tena kama kuna tone. Ndipo alipochomeka. Utaratibu huu hauruhusiwi kugeuzwa: koili ikipata umeme wakati tundu halina maji, au limejaa hewa, inaungua kwa muda mfupi sana. "Sikiliza," aliniambia, akaisogeza simu. Nikasikia mlio mwembamba kama wa sufuria inayokaribia kuchemka. Hita ya namna hiyo hula kati ya wati 400 na 1,000, yaani haizidi pasi ya nyumbani. Haiifikishi injini kwenye joto la safari, inaitoa tu kwenye usingizi mzito. Saa mbili zinatosha, kwa hiyo ana saa ya ukutani inayowasha umeme alfajiri wakati yeye bado amelala, na waya mnene wa nje wenye pini ya ardhi. Asubuhi stata inavuta mara moja, gari linawaka.

Fundi aliisikiliza hadithi yote akiwa amekaa kwenye tairi. Kisha akauliza kilicho cha msingi: sasa hapa Musoma ya kazi gani?

Kwa gari lako, haina kazi. Kwenye dizeli asubuhi za Musoma zinamalizwa na plagi za hita zile zile anazozijua. Lakini ipo sehemu hapa kwetu ambapo hita ya maji ya injini hufanya kazi mchana na usiku: kwenye majenereta ya dharura. Umeme ukikatika daktari akiwa chumba cha upasuaji, jenereta haina dakika tano za kuwaka na kupashika polepole. Inatakiwa iwake na kubeba mzigo wote ndani ya sekunde chache, na viwango vinavyotumika sehemu nyingi duniani kwa mzigo wa kuokoa uhai ni sekunde 10. Injini kubwa ya dizeli ikipakiwa mzigo mzima ikiwa baridi inatoa moshi, inakohoa, inajisaga. Kwa hiyo majenereta mengi ya aina hiyo hukaa na hita ndogo inayoyaweka maji yake kwenye nyuzi 40 hivi, wiki baada ya wiki, yakisubiri giza. Ukipita karibu na jenereta iliyozimwa, ukagusa ubavu wake ukaukuta una uvuguvugu, si kwamba imetoka kufanya kazi. Imewekwa tayari.

Nilitaka fundi alione jambo hilo kwa sababu linaondoa wazo kwamba kupasha injini ni shida ya wazungu na theluji yao. Kila injini ina joto lake. Iliundwa kwa joto hilo, nafasi kati ya pistoni na silinda ilipimwa kwa joto hilo, oili ilichaguliwa kwa joto hilo. Juu yake inaungua, chini yake inalika. Mdogo wangu anaisaidia injini yake ifike huko haraka. Sisi hapa jua linatusaidia bure, kisha tunaing'oa ile sehemu inayoibakiza huko.

Hapa nitasema kwa uchungu, maana yalinikuta. Gari langu la kwanza lilichemsha njiani kutoka Bunda. Fundi mmoja, si huyu, aling'oa thamostati, akanionyesha kama mtu anayemwonyesha mgonjwa jino bovu, akasema haya madude ni ya nchi za baridi. Sindano ya joto ikashuka, haikupanda tena, na mimi nikafurahi. Sikujiuliza kwa nini petroli ilianza kuisha mapema. Kompyuta ya gari ina kihisio kwenye maji. Kikisema bado baridi, inaendelea kumwaga mafuta mengi kama ya kuwashia asubuhi, hata ukiwa umeshamaliza kilomita mia. Sikujiuliza pia kwa nini chini ya kifuniko cha oili palikuwa na povu jeupe kama mtindi. Injini isiyofika joto lake haikaushi unyevu na petroli inayopenya kwenye oili. Siku ya kuifungua, oili ilikuwa imekuwa masizi mazito, na ringi zimekwisha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba bado ilichemsha. Watu husema maji yasiyo na thamostati yanakimbia mno, hayapati muda wa kupoa kwenye rejeta. Hiyo si kweli, maji yakienda kasi hubeba joto zaidi, siyo pungufu. Sababu yenyewe iko kwenye umbo la kile kifaa. Ndani ya thamostati kuna kikombe cha nta, ubunifu wa Sergius Vernet wa miaka ya 1930. Nta ikiyeyuka hutanuka, inasukuma pini, mdomo unafunguka na maji yanaelekea rejeta. Injini nyingi, zikiwemo kadhaa za Toyota zilizojaa barabara zetu, zina thamostati yenye sahani ya pili chini. Mdomo wa juu ukifunguka, sahani hiyo inashuka na kuziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare hutaona kitu. Kwenye mlima, na mzigo, na mwendo wa polepole, sehemu ya maji yako inazunguka ndani kwa ndani ikizidi kuiva.

Wavuvi wa mwalo huu wananielewa upesi kuliko madereva. Injini ya boti inakunywa maji ya ziwa moja kwa moja na kuyatema nyuma kwa mkondo mwembamba, na nahodha anayevuka ghuba kwenda Kinesi hugeuza shingo kutazama mkondo huo mara nyingi kuliko anavyotazama mbele. Ukikatika anazima. Hang'oi kitu. Anatafuta plastiki iliyoziba, au pampu ya mpira iliyokatika mabawa. Kwake kuchemsha ni dalili, na dalili ina chanzo.

Na chanzo kwetu mara nyingi ni maji yenyewe. Ziwa liko hapo chini, ndoo ipo, watu wanachota na kumimina. Maji ya Victoria si ya chumvi, lakini yana mwani na tope, na hayana dawa ya kuzuia kutu. Hedi ya alumini inaliwa kimyakimya. Halafu kuna kimo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na hapa maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Mfuniko mzima wa rejeta wenye maandishi 1.1 unayabana yasichemke hadi karibu 120. Ukilegea mpira, umepoteza nyuzi zaidi ya ishirini kwa kitu cha bei ya chakula cha mchana. Kulanti ile ya rangi inayokuja ndani ya magari ya mtumba, ambayo watu huimwaga na kuweka maji, ina kazi hizo zote mbili: kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Glaikoli haikuwekwa kwa ajili ya barafu peke yake.

Jioni ile fundi alileta jiko la mkaa. Tukaweka sufuria, maji, na kipimajoto, tukachukua thamostati moja kutoka kwenye kopo lake, ya Toyota, imegongwa namba 82, tukaitundika kwa uzi isiguse chini. Utingo akachutama. Kwenye nyuzi 70 hakuna kitu. Kwenye 80 fundi akaniambia imekufa, ndiyo maana aliing'oa. Sindano ikapita 82, na mdomo ukaanza kuachia, unene wa ukucha, kisha unene wa kidole, bila mlio wowote. Tulipoitoa ikajifunga polepole yenyewe kwenye hewa ya ziwa. Akatia ya pili. Ya tatu haikufunguka hata maji yalipochemka, hiyo akaitupa kweli. Akaendelea hadi giza likaingia, akiziweka kwenye mafungu mawili juu ya gunia, na fungu la nzima lilikuwa kubwa zaidi.

Kuhusu Scania, ile hita tuliiacha. Utingo alitaka kukata waya kwa ajili ya shaba, lakini hita ndiyo kizibo cha tundu lile, na tuliona ringi yake bado kavu. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu robo tatu ya mirija. Na kwenye nyumba ya thamostati, fundi alipoingiza kidole, hakukuta kitu. Mtu fulani, mji fulani, alishaing'oa. Alikaa kidogo akipangusa kidole kwenye suruali, kisha akachukua simu, akampigia mwenye duka wa Mwanza, akamsomea namba ya injini, akamwuliza kama anayo thamostati ya Scania, na kama basi la asubuhi linaweza kuileta.